Intaneti ya antena inasumbua? Cheki waya kwanza, paa baadaye

Mtandao ukikata watu wengi wanaangalia juu. Wanaliona lile dishi dogo paani wanasema limegeuka, au wanasema mnara umekufa, basi anatafutwa kijana apande akalisukume kidogo, na hapo tatizo la waya lililokuwa la dakika tano linakuwa tatizo la siku tatu maana sasa na dishi nalo limegeuka kweli. Nimefunga na kufungua hizi redio vya kutosha, na mara nyingi ugonjwa nimeukuta chini: waya, plagi, adapta, au rauta imefichwa nyuma ya tivii inapumua kwa shida. Paa ni mwisho kabisa.

Njia inapita wapi

Bila kujua hii utakuwa unapiga ramli. Intaneti inafika kwenye mnara kwa faiba au kwa kiungo kingine cha redio kutoka mnara mwenzake. Pale mnarani kuna redio zenye antena za sekta, kila moja inamulika kipande chake, nyuzi 60 au 90 au 120 hivi, na redio moja inahudumia wateja wengi kwa zamu. Kwako paani kuna redio ya mteja, mara nyingi imejengewa humohumo kwenye kidishi au kibapa cha plastiki, imeelekezwa mnarani. Kutoka hapo unashuka waya wa Cat5e au Cat6 mpaka ndani kwenye kile kiboksi cha PoE, ambacho kinapandisha umeme juu kwa waya uleule unaoshusha data. Kutoka kwenye kiboksi waya mfupi unaingia kwenye rauta, tundu la WAN, halafu rauta ndo inasambaza waifai. Kama unatumia kile kiboksi cha 4G au 5G cha kukaa dirishani, redio na rauta ni kitu kimoja, toa tu habari za PoE mengine yanakuhusu.

Vifaa hivihivi ndo vinaunganisha majengo mawili, vinaleta picha za kamera kutoka geti la mbali, au vinakaa akiba faiba ikikatwa. Dalili ni zilezile.

Pingi nne kabla hujagusa kitu

Chukua laptopu, chomeka kwa waya kwenye rauta, usitumie waifai, maana waifai itakudanganya. Pingi ni amri ya kuita kifaa uone kama kinajibu na kwa muda gani. Piga pingi rauta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Halafu pingi redio ya paani kwa anwani aliyokuachia fundi, ila kama ameiacha iwe daraja tu, yaani inapitisha data tu, huenda usiifikie, ruka. Halafu geti (gateway) la upande wa mnara, yaani kifaa cha kampuni ambacho rauta yako inapitia kutoka nje, hiyo anwani utaikuta kwenye ukurasa wa WAN wa rauta. Mwisho 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko nje kabisa. Kila moja iache iende dakika mbili tatu, pingi nne za haraka haraka hazisemi kitu.

Sasa soma. Ya kwanza ikipotea, shida iko kwenye rauta au waya ulioshika mkononi. Rauta iko poa lakini redio haijibu, basi ni PoE au waya wa kupanda paani. Redio inajibu ila geti linapotea, hiyo ni hewani, yaani kati ya paa lako na mnara. Geti liko safi ila 8.8.8.8 inarukaruka, hapo shida iko nyuma ya mnara, we kaa chini piga simu, huna cha kufanya paani. Na kama 8.8.8.8 inajibu vizuri lakini majina ya saiti hayafunguki, hiyo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, badilisha kwenye rauta weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 uendelee na maisha.

Hamna kitu, hata taa ya redio haiwaki

Anza na soketi. Kuna nyumba intaneti ilikuwa inakufa kila usiku na mwenye nyumba aliapa kampuni inazima mnara watu wakilala, nikaenda na kipimo na kebo mpya na ngazi, kumbe kiboksi cha PoE kilichomekwa kwenye soketi inayotawaliwa na swichi ya taa ya korido. Wa mwisho kulala anazima taa, anazima na intaneti.

Kikiwa na umeme, angalia matundu yake mawili. Yanafanana kabisa lakini lililoandikwa POE ndo linapanda kwa redio na lililoandikwa LAN ndo linakuja kwa rauta. Mtu akifanya usafi akachomoa akarudisha kinyume, redio inakosa umeme, na vile vya volti 24 ambavyo haviulizi chochote kabla ya kusukuma umeme vinaweza kukuulia tundu la rauta au la laptopu. Vya volti 48 vya kiwango cha 802.3af na 802.3at vinaongea na kifaa kwanza ndo vinatoa umeme. Ndo maana usibadilishe kiboksi kwa kuangalia sura tu eti plagi inaingia, soma volti zilizoandikwa mgongoni.

Jaribio zuri: chomoa waya unaopanda paani. Kama taa ya PoE ilikuwa imezimika au inapepesa, na ukichomoa tu inawaka vizuri, waya au redio ina shoti, na shoti hizi nimezikuta zaidi kule juu kwenye plagi ambako maji yameingia. Ukiitoa utaona pini zimeota kijani. Plagi inakatwa, inapigwa nyingine, na waya unaachiwa kitanzi kidogo kinachoning'inia chini ya tundu ili maji yadondoke badala ya kufuata waya mpaka ndani. Na waya wa ndani ukitumika nje, jua linaupasua ganda, ndani ya muda unakuwa mrija wa maji, kweli kabisa, nimeshakata waya maji yakatoka kama bomba.

Radi je? Haihitaji kupiga nyumba yako, ikipiga jirani inatosha. Dalili yake ni redio inayowaka taa ya umeme lakini taa ya LAN haiwaki kabisa hata ukibadilisha waya. Hapo tundu limekufa, hakuna kulirekebisha kwa kuzima na kuwasha. Ukifunga mpya weka kinga ya radi na waya wa ardhini, bila waya wa ardhini hiyo kinga ni pambo.

Taa zote ziko poa lakini hamna intaneti

Angalia laptopu imepewa anwani gani. Ikiwa inaanza na 169.254 maana yake iliomba anwani hakuna aliyeijibu, kwa hiyo ni rauta au waya, sio mnara. Kama yako iko sawa ila ukurasa wa WAN unaonyesha 0.0.0.0, rauta ndo haijapewa anwani na upande wa juu, cheki waya umeingia tundu la WAN na sio la LAN, kosa hili ni la kila siku.

Halafu kuna hii inayochanganya watu: simu mbili zinafanya kazi, ya tatu haifanyi, kesho inageuka. Hapo uliza kama kuna mtu ameongeza rauta ya zamani ili waifai ifike chumba cha mbali. Ile rauta ya zamani ikichomekwa LAN kwa LAN na bado inagawa anwani zake, nyumba inakuwa na mabosi wawili, na kila simu inamfuata aliyeijibu kwanza. Zima ugawaji wa anwani kwenye ile ya pili, ipe anwani yake tofauti na ya rauta kubwa, kwisha.

Na tafadhali, kuzima na kuwasha sio sawa na kuchokoa kile kitundu kidogo kwa pini. Kile kinafuta kila kitu pamoja na jina na nywila ya PPPoE (njia ya rauta kujitambulisha kwa kampuni) aliyoweka fundi, halafu unakuwa na matatizo mawili.

Spidi imegota kwenye 94

Kama umelipia zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde lakini kila ukipima unapata 93, 94, 95, haizidi hata usiku wa manane, hiyo namba inaongea. Waya wako umeshuka kutoka gigabiti hadi megabiti 100, na hiyo 94 ndo inayobaki baada ya mzigo wa vichwa vya pakiti. Gigabiti inataka jozi zote nne za waya, megabiti 100 inaridhika na jozi mbili. Uzi mmoja tu ukikatika ndani ya plagi, redio bado inapata umeme kupitia uzi mwenzake, taa zinawaka, kila kitu kinaonekana kizima, kumbe umeporwa spidi. Ingia kwenye ukurasa wa redio au rauta uone tundu limeandika 1000 au 100, likiandika 10 ndo mbaya zaidi. Piga plagi upya pande zote mbili. Na kama waya wa kupanda paani unazidi mita 100, umevuka kikomo cha kiwango chenyewe, na umeme nao unapungua njiani.

Kingine kidogo, usichanganye megabiti na megabaiti. Laini ya megabiti 20 inapakua faili kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde ikiwa na afya njema kabisa, usimpigie mtu simu kwa hilo.

Inakata, inarudi, inakata

Hii ndo inatesa watu zaidi na jibu lake liko sehemu moja ambayo wengi hawaangalii: ukurasa wa redio una mahali pameandikwa imewaka kwa muda gani. Mtandao ukikata tu na kurudi, kimbilia hapo. Ikisema imewaka dakika tatu zilizopita, redio yenyewe ilizimika, kwa hiyo ni umeme: adapta imechoka, plagi imelegea, waya mbovu. Adapta iliyochoka ina tabia yake, redio ikikaa bure inaishi, ukianza kupakua kitu kizito inakula umeme zaidi, adapta inashindwa, redio inajiwasha upya, halafu we unasema mtandao haupendi faili kubwa. Ila ikisema imewaka siku 40 wakati mtandao umekata dakika tano zilizopita, umeme umeshajisafisha jina, ni kiungo cha hewani.

Hapo sasa ndo unasoma signo, yaani nguvu ya mawimbi ambayo redio inapokea. Inaandikwa kwa dBm na ni namba hasi, -60 ni bora kuliko -75, watu wanasoma kinyume. Kila dB 3 zikipungua nguvu imebaki nusu, na umbali ukizidishwa mara mbili unapoteza dB 6. Kwa redio nyingi za 5 GHz, kati ya -50 na -65 uko vizuri, ukifika -75 unaanza kulia, lakini signo peke yake haitoshi, angalia na tofauti yake na kelele. Signo nzuri kwenye kelele nyingi ni kama mtu anayepaza sauti ndani ya kiwanda. Tofauti ya dB 25 hadi 30 inaruhusu redio iongee haraka, ikishuka inalazimika kuongea polepole ili isikike.

Signo imeshuka ghafla na haijarudi, dishi limesogea au kuna kitu kimeota au kimejengwa mbele. Signo inapanda na kushuka siku ya upepo, nguzo inatikisika au matawi yanapita mbele. Na usidanganyike na kuona mnara kwa macho, mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba, yanahitaji eneo pana lenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, linaitwa ukanda wa Fresnel. Kwa kiungo cha kilomita 5 kwenye 5.8 GHz katikati ya njia nusu-kipenyo chake ni kama mita 8, na inatakiwa angalau asilimia 60 iwe wazi. Kwa hiyo mti ambao mwaka jana ulikuwa chini ya mstari wa macho, mwaka huu umerefuka mita mbili bila hata kuufikia mstari, tayari unakula signo yako.

Redio nyingi zinaonyesha signo mbili, ya mlalo na ya wima. Zikipishana dB 5 au zaidi, kuna kizuizi upande mmoja, au mahali pa kuungia pabovu, au maji. Halafu kuna mtego wa kuelekeza dishi: antena ina mwale mkubwa katikati na miale midogo pembeni, ukikaza kwenye mwale wa pembeni utaona signo inapanda hadi kilele inashuka, unafurahi unakaza, kumbe umeacha dB 15 au 20 mezani. Zungusha kushoto kulia kwa upana mpaka uvione vilele vyote, kisha rudi kwenye kile kirefu. Sio siku ya mvua, sio peke yako, na sio karibu na nyaya za umeme.

Kama redio inapotea dakika nzima hivi halafu inarudi kwenye chaneli nyingine, inawezekana ni rada. Kwenye nchi nyingi sehemu ya masafa ya 5 GHz inatumika pamoja na rada, redio ikisikia rada inatakiwa ihame, na kabla ya kuanza kurusha kwenye chaneli mpya ya namna hiyo isikilize sekunde 60, kwenye zile za rada za hali ya hewa inaweza kuwa dakika 10. Hiyo inatatuliwa mnarani kwa kubadilisha chaneli. Ila ya kwako unaweza kuicheki moja: rauta ya ndani inayorusha waifai ya 5 GHz kwenye chaneli ileile ya redio ya paani, hizo mbili zinapigana kelele. Hamisha waifai.

Mvua ikinyesha tu

Watu wanasema mvua inakula mtandao, inategemea. Kwenye 5 GHz na chini yake mvua yenyewe inakula kidogo, haitoshi kukata kiungo kizima cha kilomita chache. Kwa hiyo kama una redio ya 5 GHz na kila mvua unakufa, usilaumu mawingu, tafuta maji kwenye plagi au majani yaliyolowa mbele ya dishi, au ulikuwa unaishi ukingoni tangu mwanzo na hizo dB mbili tatu zimekusukuma. Kipimo chake rahisi: mvua imeacha na mtandao umerudi palepale, ni njia ya hewani. Mvua imeacha na bado mtandao umekufa masaa mengine mpaka jua liukaushe waya, ni maji ndani ya waya.

Kwenye 60 GHz ni habari nyingine. Hewa kavu tu, oksijeni yenyewe, inakula karibu dB 15 kila kilomita, mvua ikiongezeka juu yake kiungo kinaanguka kweli. Ndo maana hizo zinafungwa kwa umbali mfupi, na waangalifu wanaweka redio ya 5 GHz pembeni ya kushika zamu.

Mchana safi, jioni taabu

Pima saa 5 asubuhi, saa 3 usiku, saa 9 usiku, siku tatu, andika. Kama signo haibadiliki lakini spidi inaanguka kila jioni kwa saa zilezile, sekta imejaa au njia ya nyuma ya mnara imejaa, na hakuna dishi kubwa utakalofunga likakupa zamu isiyokuwepo. Hapo kampuni iongeze sekta, au ikuhamishie nyingine. Usiwaache wakuuzie dishi.

Kipimo cha spidi kizuri, gemu na simu za video mbovu

Acha pingi ya 8.8.8.8 inatembea, halafu pandisha faili kubwa au video. Kama pingi inaruka kutoka milisekunde 20 kwenda 400, foleni imejaa kwenye rauta au redio: mtu mmoja anapandisha picha zake zote na sauti yako inasubiri nyuma. Rauta yenye SQM, mpangilio unaoratibu hiyo foleni, inasaidia sana, unaiambia isizidi kama asilimia 85 ya spidi yako. Ila spidi ya redio inapanda na kushuka, kwa hiyo hesabu kutoka kwenye spidi ya jioni, sio ile ya usiku wa manane uliyopiga picha kuwaonyesha watu. Kama pingi inaruka kwa waifai tu na kwa waya imetulia, funga hii mada, ni waifai. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, na toa rauta nyuma ya tivii.

Vidogo vidogo vinavyosumbua

Saiti zingine zinafunguka zingine zinazunguka tu milele: ukitumia PPPoE cheki MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, iwe 1492, sio 1500.

Kamera haionekani ukiwa nje hata ukifungua pôti mara ngapi: angalia anwani ya WAN, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 uko nyuma ya anwani moja mnayoshirikiana na wateja wengine, kufungua pôti kwako hakutafika popote. Omba anwani ya umma au tumia kamera inayopitia seva yake.

Viboksi vya 4G na 5G: usiamini vile vimistari. Tafuta RSRP (nguvu ya signo) na SINR (signo ukilinganisha na kelele) kwenye ukurasa wake. RSRP ya -80 ni nzuri sana, -110 unashikilia kwa kucha. SINR juu ya 20 safi, ikikaribia sifuri ni kelele. Kihamishe dirisha hadi dirisha ukifuata SINR zaidi, hata kama mistari inapungua, na kiache dakika mbili kila sehemu kabla hujahukumu.

Ukifika hatua ya kupiga simu, usiseme mtandao mbovu. Wape matokeo ya pingi ya geti na ya 8.8.8.8 kwa waya, signo ya leo na ya siku ulipofungiwa kama uliiandika, redio imewaka muda gani, tundu limesoma 100 au 1000, na saa ambazo inatokea. Yule wa kwanza kupokea atakwambia zima uwashe, mwambie ushazima, msomee namba, na umwombe akupe mtu wa minara.